Tuzo na Mjukuu katika Barua Moja: Shule ya Kiyahudi Inavyompima Mwalimu

Kila Ijumaa, kabla watoto hawajatawanyika, shule nyingi za Kiyahudi za Marekani hutuma barua kwa wazazi. Humo mna ratiba ya wiki ijayo, saa ya kuwasha mishumaa jioni hiyo, ombi la mzazi wa kujitolea kusimamia mlo wa mchana, na mahali fulani chini, pongezi. Kwenye pongezi ndipo mgeni anapopotea njia. Mwalimu wa sayansi amechaguliwa kwenye mafunzo ya kitaifa. Mwalimu wa Kiebrania wa darasa la tatu amepata mjukuu wa kiume. Rabi wa darasa la sita amehitimisha juzuu moja ya Talmudi, mkusanyiko wa mijadala ya kale ya wanachuoni wa Kiyahudi. Binti wa mhasibu ameposwa. Habari nne, herufi za ukubwa mmoja, na kila moja imefungwa kwa maneno yaleyale mawili: mazal tov, yaani hongera.

Sisi tuliozoea barua za shule zinazotaja nafasi ya shule katika mtihani wa taifa na majina ya wadaiwa wa karo, lazima tujiulize kama hii ni shule au ni ukoo. Swali hilo si la mzaha. Mahakama za Marekani zimelijadili, wazazi hulilipia kwa dola nyingi kila mwaka, na mwalimu mwenyewe huishi nalo kuanzia kengele ya asubuhi hadi anapokutana na wanafunzi wake sinagogi siku ya Jumamosi.

Kwanza jina lenyewe: shule hizi huitwa shule za kutwa. Kwetu shule ya kutwa ni ile isiyo na bweni. Kwa Wayahudi wa Marekani neno hilo linapinga kitu kingine kabisa: shule ya nyongeza. Mwaka 1838 Rebecca Gratz alifungua shule ya Jumapili ya Kiyahudi huko Philadelphia, na kwa zaidi ya miaka mia moja mtindo wa aina hiyo ndio uliotawala. Mtoto alisoma shule ya serikali kama watoto wa jirani, kisha Jumapili au jioni mbili tatu za wiki akafundishwa Kiebrania na sala akiwa tayari amechoka. Mswahili ataielewa hali hii haraka: shule asubuhi, chuo jioni. Shule ya kutwa ya Kiyahudi ni ile iliyokataa mgawanyo huo, ikaweka hesabu na Taurati chini ya paa moja, siku nzima, kwa walimu wanaolipwa na mfuko mmoja.

Wazo hilo halikupokewa kwa shangwe. Etz Chaim ilifunguliwa upande wa mashariki wa Manhattan mwaka 1886, lakini wahamiaji wengi waliona shule ya serikali ndiyo mlango wa kuingilia nchi mpya, na kumtenga mtoto kulionekana kama kukataa Umarekani wenyewe. Rabi Joseph Lookstein alipoanzisha Ramaz mjini New York mwaka 1937, alianza na watoto sita, mwanawe akiwa miongoni mwao. Mwaka huohuo Rabi Joseph Soloveitchik alianzisha Maimonides huko Boston. Torah Umesorah, taasisi iliyojipa kazi ya kupanda shule za namna hiyo mji kwa mji, ilizaliwa mwaka 1944, wakati vyuo vya Kiyahudi vya Ulaya Mashariki vilikuwa vinateketezwa na Wanazi pamoja na walimu na wanafunzi wao. Baada ya vita ubishi ulipungua sana. Sensa ya shule hizi ya mwaka wa masomo 2018 hadi 2019 ilihesabu wanafunzi zaidi ya 290,000 katika shule zipatazo 900, sehemu kubwa wakiwa New York na New Jersey, na wengi wao wakiwa katika shule za Waorthodoksi, yaani Wayahudi wanaoshika kwa ukamilifu sheria za jadi. Kwa hiyo ukisikia “shule ya Kiyahudi” usidhani ni kitu kimoja. Ipo ambayo wavulana na wasichana hawachangamani kabisa na Talmudi inachukua karibu siku yote. Ipo ambayo msichana wa miaka 13 anasoma Taurati mbele ya wenzake wa kiume na mwalimu wa muziki anafundisha jazi. Ninayoyaeleza hapa ni yale ya katikati, ambako mtaala ni pacha na barua ya Ijumaa ndiyo hiyo niliyoianza nayo.

Deni la mji

Ili kuelewa kwa nini mjukuu wa mwalimu ni habari ya shule, inabidi turudi nyuma sana, kwenye ukurasa mmoja wa Talmudi unaosimulia jinsi shule ilivyoanza. Zamani, unasema, mtoto alifundishwa na baba yake; asiye na baba hakusoma. Wakaweka walimu Yerusalemu, lakini mwenye baba ndiye aliyepelekwa huko, na yatima akabaki palepale. Wakaweka walimu katika kila wilaya na kupokea vijana wa miaka 16 na 17. Mwalimu akimkaripia mmoja wao, kijana anambishia na kwenda zake. (Mwalimu yeyote wa kidato cha tatu atacheka hapa.) Mpaka akaja kuhani mkuu Yehoshua ben Gamla, miaka michache kabla ya Hekalu kubomolewa mwaka 70, akaagiza kila mji uwe na walimu na watoto waanze wakiwa na miaka sita au saba.

Tazama agizo hilo limemwangukia nani. Halikumwangukia mzazi. Limeangukia mji. Ukurasa huohuo unaendelea na hesabu ambazo wizara zetu za elimu zingeona haya kuzisoma: watoto 25 kwa mwalimu mmoja, wakifika 40, mji ulipie msaidizi, wakifika 50, walimu wawili. Haya ni maneno ya Rava, mwanachuoni wa Babeli wa karne ya nne. Katika fikra hiyo shule ni deni ambalo watu wa mahali pamoja wanadaiwa na watoto wote, hasa yatima, na mwalimu ni mtu ambaye mji umemkabidhi deni hilo alilipe kwa niaba yake. Si mtu aliyeajiriwa na wateja.

Kuna kisa kingine ninachokipenda zaidi. Rav, mwanachuoni mwingine wa Talmudi, alimkuta Rav Shmuel bar Shilat, mwalimu wa watoto aliyesifika, amesimama bustanini. Akamuuliza: umeacha uaminifu wako? Akajibu kwamba ana miaka 13 hajaiona bustani hiyo, na hata sasa akili yake iko kwa watoto. Kisa hiki Talmudi inakileta kufafanua aya ya Danieli kuhusu wale waongozao wengi kutenda haki, watakaong’aa kama nyota milele na milele: ni nani hao? Ni walimu wa watoto wadogo. Ni sifa kubwa kuliko cheti chochote cha mwalimu bora wa mwaka. Lakini pia, ukikisoma kwa jicho la chama cha walimu, ni kisa cha mtu ambaye hajapata likizo miaka 13 na bosi wake kamkuta anapunga upepo. Sifa na mzigo ni kitambaa kimoja.

Ijumaa saa nne asubuhi

Darasa la chekechea. Meza imetandikwa kitambaa cheupe. Mtoto mmoja wa kike ndiye ima wa wiki, mama wa Shabati, yaani Sabato inayoanza jioni ya Ijumaa. Wa kiume ni aba. Mbele yao kuna mikate miwili iliyosukwa kama nywele za ukili, imefunikwa kitambaa walichokipaka rangi wenyewe, na vikombe vidogo vya karatasi vyenye maji ya zabibu, maana divai haiwahusu. Kabla ya mishumaa kikopo kinazungushwa na kila mtoto anatumbukiza sarafu aliyopewa nyumbani. Kikopo hicho kinaitwa kikopo cha tsedaka. Litamke tena polepole: tsedaka, sadaka. Kiebrania na Kiarabu ni ndugu, na Kiswahili kimeoa upande mmoja, kwa hiyo tukiingia darasani hapa hatuko ugenini kama tunavyodhani. Nyumba ya masomo wanaiita beit midrash, na mzizi wake ni huohuo uliotupa sisi darasa na madrasa.

Mwanamke anayewaongoza wanamwita mora, yaani mwalimu wa kike. Wa kiume ni more, na anayefundisha Talmudi mara nyingi ni rabi. Nusu ya siku ni ya mora: sala, Taurati, Kiebrania, ambacho katika shule nyingi hufundishwa kwa Kiebrania chenyewe bila kutafsiriwa. Nusu nyingine ni ya mwalimu wa Kiingereza, hesabu na sayansi. Huyu wa pili anaweza kuwa Mkatoliki, Mbaptisti au mtu asiye na dini. Anajifunza haraka kwamba hawezi kuleta keki aliyooka jikoni kwake, kwa sababu ya masharti ya chakula ya Kiyahudi, kwamba sikukuu za mwezi wa Tishri unaoangukia Septemba na Oktoba zitamla siku za kufundisha kama mchwa, na kwamba mradi wa sayansi wa Aprili usihusishe unga kwa sababu ya Pasaka ya Kiyahudi, ambapo chochote kilichochachuka ni marufuku. Walimu wawili, darasa moja, na ukuta mmoja wenye ramani ya Marekani upande huu na alfabeti ya Kiebrania upande ule. Mafanikio ya mmoja hupimwa kwa mizani ya dola na vyeti. Ya mwenzake kwa mizani ambayo ramani haiionyeshi.

Kwenye darasa la kwanza mzazi huona mizani hiyo ya pili ikitumika hadharani. Ni siku ya kupokea sidur, kitabu cha sala. Kwa wiki kadhaa mzazi ameketi usiku akidarizi au kubandika jalada lenye jina la mtoto kwa Kiebrania. Siku ya siku, watoto wanaimba jukwaani, wanaitwa mmoja mmoja, mkuu wa shule anawakabidhi. Mama wanalia, nyanya wanalia zaidi. Kitabu kikianguka mtoto hukiokota na kukibusu, kama tulivyofundishwa sisi kwa msahafu. Tangu Septemba mwalimu amewafikisha watoto hawa kutoka herufi ya kwanza hadi mstari mzima wa sala. Matokeo ya mtihani wake ndiyo hayo: watoto 18 wanasoma, hadhara inasikia. Hakuna jopo la wasimamizi linaloweza kumpa alama zenye uzito kuliko zile za bibi aliyekaa safu ya pili, ambaye anajua kila neno na atasikia kila kosa.

Mizani tatu

Sasa tunaweza kurudi kwenye barua na kufumbua pongezi zake.

Mizani ya kwanza ni ya kitaaluma, na inafanana na ya mahali popote. Kwa muda mrefu kazi ya mwalimu wa masomo ya Kiyahudi ilikuwa ya kudharauliwa: melamed wa Ulaya Mashariki, mwalimu wa chumba kimoja, alikuwa mtu wa kuchekwa katika hadithi, maskini aliyeshindwa kazi nyingine. Marekani kizazi hiki kimejitahidi kuifuta picha hiyo. Mwaka 2002 ilianza DeLeT, programu ya kuandaa walimu wa shule za kutwa iliyoendeshwa na chuo cha Hebrew Union na chuo kikuu cha Brandeis. Mwaka 2003 ukaanza mpango wa kumpa kila mwalimu mpya wa shule ya Kiyahudi mwalimu mzoefu wa kumshika mkono. Kuna tuzo pia. Los Angeles, tuzo za familia ya Milken hutolewa kwa kushtukiza: shule imekusanyika kwa jambo jingine, wageni wanaingia na bahasha, na mwalimu aliyekuwa anawanyamazisha watoto ndiye anayeitwa. Wakfu wa Covenant huwatunuku waelimishaji watatu kwa mwaka, na kwa miaka mingi kila mmoja alipewa dola 36,000 na taasisi yake dola 5,000.

Kwa nini 36,000 na si 35,000? Kila herufi ya Kiebrania ni namba pia, kama abjadi ya Kiarabu wanayoijua wazee wetu wa pwani. Neno chai, lenye maana ya uhai (si la kunywa), lina herufi mbili, 8 na 10, jumla 18. Mara mbili ya 18 ni 36. Ndiyo maana mchango wa harusi, zawadi ya mwalimu mwisho wa mwaka na hata tuzo kubwa kama hii hupenda kuangukia mafungu ya 18. Na tazama zile dola 5,000 za taasisi: mwalimu hakushinda peke yake.

Talmudi yenyewe ilibishana juu ya kulinganisha walimu. Rava alisema: ukiwa na mwalimu anayefundisha na ukampata anayefundisha zaidi, usimwondoe wa kwanza, maana yule mpya atabweteka kwa kujiona hana mpinzani. Rav Dimi wa Nehardea akapinga: atafundisha vizuri zaidi, kwani wivu wa waandishi huongeza hekima. Ukiingia chumba cha walimu wiki ya tuzo, kokote duniani, mjadala huo bado haujaisha. Mimi namfuata Rava, kwa sababu nimekaa vyumba vya walimu.

Mizani ya pili ni ya elimu ya mwalimu mwenyewe. Rabi aliyehitimisha juzuu ya Talmudi hakufanya hivyo kwa ajili ya kupandishwa daraja. Alisoma alfajiri au usiku, pengine kwa miaka. Siku ya kuhitimisha, inayoitwa siyum, anasoma mistari ya mwisho mbele ya watu, anaomba dua maalumu, kisha watu wanakula. Ni khitma, kwa maana ya neno lenyewe. Wapo wanaofuata mpango wa ukurasa mmoja kila siku, ulioanza mwaka 1923: kurasa 2,711, miaka saba na nusu. Hitimisho la Januari 2020 lilijaza uwanja wa mpira wa MetLife kule New Jersey kwa watu wapatao 90,000, baridi ikiwa kali. Hata kalenda inampa mwalimu nafasi: mkesha wa Pasaka wazaliwa wa kwanza hufunga, ila aliyehudhuria siyum huruhusiwa kula. Basi asubuhi hiyo utaona wavulana na baba zao wamemzunguka rabi wa darasa la sita, wanasikiliza mistari wasiyoielewa yote, macho yakiwa kwenye keki, ya mwisho yenye chachu kwa siku nane.

Maana ya kuitangaza siyum kwa wazazi ni kwamba mwalimu anayefundisha kusoma anaonekana naye anasoma. Nadhani hili ndilo jambo ambalo shule nyingine zingeweza kuliiga bila kubadili dini.

Mizani ya tatu ni ya maisha: mjukuu, uchumba, mtoto kufikia miaka 13. Hii ndiyo inayomshangaza mgeni, lakini kwa mantiki ya deni la mji iko sawa kabisa. Shule imempa mwalimu kazi ya kuhakikisha kizazi kinafuata kizazi. Mwalimu akipata mjukuu, kizazi kimefuata. Na kuna sababu ya kawaida zaidi: wanajuana. Mora wa darasa la pili ana watoto watatu shuleni hapo. Anamfundisha mtoto wa mwenyekiti wa bodi. Mwenyekiti huyohuyo ni daktari wa meno wa mumewe. Jumamosi wanaketi sinagogi moja, safu mbili kutoka kwake, na baada ya sala wanasimama pamoja kula samaki na biskuti. Akijifungua, wazazi wa darasa hupanga zamu za chakula: Jumatatu fulani, Jumanne fulani, na mtu mmoja mwenye mamlaka ya jemadari wa kuzuia lazanya ya nne. Hongera ya kwenye barua ni karatasi tu inayofuata nyuma ya masufuria.

Nani analipa, na mwalimu ni nani kisheria

Hapa fundo linakaza. Jadi ya Kiyahudi ilisema Taurati ifundishwe bure, kama Mungu alivyoitoa bure. Lakini mwalimu anakula. Wanachuoni wakatafuta mlango: mshahara wake ni malipo ya kuwaangalia watoto wasizurure, au ya kufundisha lahani ya usomaji, au fidia ya muda ambao angefanya kazi nyingine. Ni werevu mzuri. Ila ukiukubali, umeshasema kwamba kazi yenyewe haina bei, na kitu kisicho na bei ni rahisi sana kulipiwa kidogo.

Uingereza serikali hulipa mishahara ya walimu katika shule nyingi za kidini. Shule ya Kiyahudi ya JFS ya London, iliyoanza mwaka 1732 na ikawa mwanzoni mwa karne ya 20 na wanafunzi wapatao 4,000, leo ni shule ya umma. Mzazi huombwa mchango wa hiari kwa masomo ya Kiyahudi. Marekani, kwa sababu ya katiba kutenganisha dini na serikali, mzigo wote ulibaki kwa mzazi kwa miaka mingi, ingawa majimbo kama Florida sasa yanatoa hati za kumsaidia mzazi kulipa karo ya shule binafsi kwa fedha za umma. Katika shule kadhaa za New York na California karo ya sekondari imepita dola 40,000 kwa mtoto mmoja kwa mwaka. Familia ya watoto wanne haiwezi, hata daktari na wakili wakijumlisha. Kwa hiyo kuna kamati ya misaada, fomu za siri, na chakula cha jioni cha mwaka cha kuchangisha fedha ambapo mtu hutukuzwa jukwaani na wengine hununua kurasa za matangazo kumpongeza. Miaka mingine anayetukuzwa ni mwalimu wa miaka 30. Hotuba ni tamu na machozi ni ya kweli, na fedha zinazoingia usiku ule ndizo zitakazolipa misaada ya karo na sehemu ya mishahara.

Mwalimu mwenyewe hupata punguzo la karo kwa watoto wake. Ukiwa na watoto watatu, punguzo hilo ni mshahara wa pili usioonekana kwenye hati ya malipo. Pia ni kamba. Akitaka kuhama shule, anahamisha kazi, watoto, marafiki na wakati mwingine sinagogi.

Sheria ikaongeza pingili yake. Mwaka 2012 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikubali kwamba taasisi ya dini ina uhuru wa kuchagua “mhudumu” wake wa dini, na mwalimu anayehesabiwa mhudumu hawezi kuishtaki kwa ubaguzi wa kazini kama mfanyakazi mwingine. Mwaka 2018 mwalimu wa Kiebrania wa shule ya Kiyahudi mjini Milwaukee alifika mahakama ya rufaa akisema yeye hufundisha lugha na utamaduni, si dini, na hana cheo chochote cha kirabi. Mahakama ikaangalia kazi yake, ikaona anashiriki kuwafundisha watoto sala na sikukuu, ikasema: wewe ni mhudumu. Mwaka 2020 Mahakama ya Juu ikatia muhuri mwelekeo huo kwa kesi za walimu wawili wa shule za Kikatoliki za California. Kinachohesabika ni kazi mtu anayoifanya, si cheo.

Angalia jinsi mambo yalivyopishana. Katika Talmudi mwalimu wa watoto anapandishwa hadi nyota za Danieli. Mahakamani kupandishwa huko ndiko kunakomvua ulinzi. Sioni kama kuna aliyekusudia iwe hivyo. Lakini mwalimu anayesaini mkataba unaomtaja kama “mwenye wito mtakatifu” afahamu kwamba sentensi hiyo haikuwekwa na mtunga mashairi.

Kwa jirani zetu wa Uganda fundo hili lina sura nyingine. Wayahudi wa Abayudaya, karibu na Mbale, ni wafuasi wa Semei Kakungulu aliyeingia Uyahudi mwaka 1919 kwa kuisoma Biblia mwenyewe. Walinusurika na marufuku ya Idi Amin miaka ya 1970. Wana shule ya msingi ya Hadassah na sekondari inayobeba jina la Kakungulu. Madawati yake hukaliwa na Wayahudi, Wakristo na Waislamu pamoja. Deni la mji hapo limetafsiriwa kwa upana: mji ni majirani wote.

Nimeacha pongezi za barua ya Ijumaa, lakini ina aya moja zaidi ambayo haina mazal tov. Mwalimu amefiwa na baba yake. Barua inataja anwani, siku za matanga, ambayo Wayahudi huita shiva kwa kuwa ni siku saba, na saa za sala asubuhi na jioni. Mfiwa lazima aseme Kadishi, sala ya wafiwa, na Kadishi haisemwi bila watu kumi waliovuka miaka 13. Katika jumuiya za Waorthodoksi wote kumi ni wanaume. Jioni ya siku ya kazi, mtaa wa mbali, kumi hawapatikani kirahisi. Kwa hiyo basi dogo la shule linasimama mbele ya nyumba saa kumi na mbili na darasa la nane linashuka, mashati yamechomekewa, wananong’ona. Mlango haukufungwa kwa ufunguo, maana nyumba ya matanga haibishwi hodi. Mwalimu ameketi kwenye kigoda kifupi, kola ya shati imechanwa. Wanajipanga ukutani. Mmoja anahesabu kimya kimya kwa aya ya zaburi yenye maneno kumi, kwa kuwa watu hawahesabiwi kwa namba. Neno la kumi linamwangukia yule aliyekuwa akisumbua nyuma ya darasa mwaka mzima, naye anafungua sidur.